Herufi J kati ya Makanya na Gonja: Tahajia Mbili katika Maandishi ya Kihistoria ya Upare

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya herufi J katika uandishi wa majina ya mahali na ya watu Upareni, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Hoja yake kuu ni kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi usanifishaji wa Kiswahili, herufi hiyo moja ilibeba sauti mbili tofauti: katika maandishi yaliyofuata desturi ya Kijerumani iliwakilisha kiyeyusho cha *yai*, na katika yaliyofuata desturi ya Kiingereza iliwakilisha konsonanti ya *jana*. Majina ya Makanya na Gonja, yote ya wilaya ya Same, yanatumiwa kuonyesha namna desturi hizo zilivyokaribia kufuta tofauti ambayo masikio ya wasemaji hayakuipoteza kamwe. Makala yanatofautisha J ya kalamu na J ya lahaja, na yanapendekeza njia ya kuzisoma nyaraka za zamani bila kuharibu majina yaliyomo.

1. Utangulizi

Makanya ni mji mdogo ulio chini ya miteremko ya magharibi ya Milima ya Pare Kusini. Reli ya Tanga hadi Moshi na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha hupita hapo, na wengi huujua mji huo kwa mashamba ya mkonge na machimbo ya jasi. Upande wa pili wa milima hiyo, mashariki, iko Gonja, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kuelekea Kilimanjaro na Umasaini. 

Majina haya mawili hayana uhusiano wa maana unaojulikana wazi, lakini kwa mwanaisimu yanafaa kuwekwa pamoja. Silabi ya mwisho ya Makanya ina nazali ya kaakaa gumu, sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili, *ny*. Silabi ya mwisho ya Gonja ina nazali inayofuatwa na konsonanti ya kaakaa gumu, nayo huandikwa *nj*. Katika Kiswahili tofauti hiyo hubadili maana ya neno: *nyama* si *njama*, na *kunya* si *kunja*. Vivyo hivyo kwa *y* na *j* zisizotanguliwa na nazali: *haya* si *haja*, na *yumba* si *jumba*. Mtoto wa Same anayejifunza kusoma leo hawezi kuyachanganya majina ya Makanya na Gonja, kwa kuwa tahajia sanifu humpa herufi tofauti kwa kila sauti.

Msomaji wa nyaraka za kabla ya 1916 hana bahati hiyo. Kwa desturi ya uandishi iliyotumika katika ramani, kamusi za kijiografia na majalada ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, sauti ya *ny* iliandikwa *nj*. Kwa kanuni hiyo Makanya huwa *Makanja*, na mtu asiyeijua kanuni husoma jina la mji usiokuwapo. Swali la makala haya ni namna hali hiyo ilivyotokea, namna ilivyoondolewa, na kile kilichobaki baada ya kuondolewa.

2. Chimbuko la herufi

J ndiyo iliyochelewa kuliko herufi zote 26 zinazofundishwa leo kuwa alfabeti ya Kilatini. Warumi hawakuwa nayo. Herufi yao I iliwakilisha irabu na pia kiyeyusho kinachofanana na *y* ya Kiswahili. Waandishi wa Ulaya wa zama za kati walizoea kuivuta I mkia ilipokuja mwishoni mwa mfuatano, hasa katika tarakimu, lakini mkia huo ulikuwa pambo la mwandiko tu. Mwitalia Gian Giorgio Trissino ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupendekeza waziwazi, mwaka 1524, kwamba I na J zihesabiwe kuwa herufi mbili zenye kazi mbili. Pendekezo lake lilichukua muda mrefu kukubalika. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa 1611 bado iliandika jina la Yesu kwa I.

Wakati J inapata nafasi yake, kiyeyusho cha Kilatini kilikuwa kimekwisha kubadilika katika lugha nyingi zilizotokana na Kilatini. Katika Kifaransa na Kireno kilikuwa sauti ya mkwaruzo. Kiingereza, kilichokopa maneno mengi kutoka Kifaransa cha zamani, kilishika sauti iliyo karibu na *j* ya Kiswahili. Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia ziliitumia herufi mpya kwa sauti ya zamani, yaani kiyeyusho. Ndiyo sababu jina moja la Kilatini, Iohannes, linasikika *John* kwa Mwingereza na *Yohanes* kwa Mjerumani, ingawa wote wawili huanza kuliandika kwa J.

Jambo hili linapaswa kusisitizwa kwa sababu mara nyingi tahajia ya Kijerumani ya majina ya Kiafrika husemwa kuwa ni upotoshaji. Kwa upande wa J, Mjerumani alikuwa karibu zaidi na Kilatini kuliko Mwingereza. Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoasisiwa 1886, nacho kilichagua [j] kuwa alama ya kiyeyusho. Hata leo mwanafunzi wa isimu katika chuo kikuu chochote cha Tanzania huandika *yai* kwa [j] katika unukuzi wa kifonetiki, kisha katika sentensi inayofuata huandika *jana* kwa J ya tahajia. Mgongano wa desturi mbili uliowakuta makarani wa reli bado unaishi katika daftari lake.

3. Jim na ye

Kabla ya hati ya Kilatini, Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo imelaumiwa sana na wamisionari na wasomi wa Ulaya kwa kutolingana na sauti za Kiswahili, na lawama nyingine zina msingi. Irabu tano zilibanwa katika alama tatu. Herufi ya *jim* mara nyingi ilitumika kwa *j* na kwa *ch*. Nazali inayotangulia konsonanti iliachwa bila kuandikwa na waandishi wengi, kwa hiyo *nj* ingeweza kuonekana kama *j* peke yake. Sauti ya *g* haikuwa na herufi yake katika Kiarabu, ikaazimiwa *ghain* au *kaf*.

Hata hivyo, juu ya suala la makala haya hati ya Kiarabu haikuwa na utata wowote. *Ye* na *jim* ni herufi mbili zisizofanana kwa umbo wala kwa sauti, na hakuna msomaji wa Kiswahili aliyeweza kuichukua moja badala ya nyingine. Karani wa msafara aliyeandika jina la Makanya angetumia *nun* na *ye*, na jina la Gonja angeliandika kwa *jim*, awe ameionyesha nazali au ameiacha. Mchanganyiko wa *y* na *j* uliingia pamoja na hati ya Kilatini, hati ile ile iliyosifiwa kuwa ndiyo itakayoleta uwazi. Historia ya maandishi ya Kiswahili haiwezi kusimuliwa kama safari iliyonyooka kutoka gizani kwenda nuruni. Kila hati ilikuja na uwazi wake na mashaka yake.

4. Kalamu mbili

Hati ya Kilatini ilifika Afrika Mashariki mikononi mwa watu wa lugha mbalimbali. Edward Steere wa misheni ya UMCA, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka 1870, alishika kanuni ya irabu za Kiitaliano na konsonanti za Kiingereza. Kwa kanuni hiyo *y* ni kiyeyusho na *j* ni konsonanti ya *jana*. Mwaka 1885 Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza kilitoa kanuni za kuandika majina ya mahali ya nchi za kigeni zilizofuata msingi ule ule. Kwa hiyo msomi wa lugha na mchora ramani, kwa upande wa Kiingereza, walikutana njia moja.

Mwaka uliofuata, 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka wa maeneo yao ya ushawishi, kutoka mdomo wa Mto Umba pwani hadi Ziwa Viktoria, ukizunguka Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini. Upare ukaangukia upande wa Wajerumani. Mpaka huo wa kisiasa uligeuka pia kuwa mpaka wa herufi. Kaskazini yake J ilisomwa kwa Kiingereza. Kusini yake, katika maandishi ya serikali na ya wanajiografia, ilisomwa kwa Kijerumani.

Mifano ya desturi ya Kijerumani ni mingi na inajulikana: *Njassa* kwa Nyasa, *Unjamwesi* kwa Unyamwezi, *Tanganjika* kwa Tanganyika. Kwa kuwa J ilikwisha kushikwa na kiyeyusho, sauti ya *j* ya Kiswahili ilibidi itafutiwe alama nyingine. Hapo ndipo zilipotokea *dj* na *dsch*. Mlima mrefu kuliko yote Afrika ni ushahidi mzuri. Mwingereza H. H. Johnston alikiita kitabu chake cha 1886 kwa jina la *Kilima-Njaro*. Mjerumani Hans Meyer, katika kitabu chake cha 1900, aliandika *Kilimandjaro*. Wajerumani wengi na maandishi ya serikali yao waliandika *Kilimandscharo*, kama walivyoandika *Dschagga* kwa Chaga na *Moschi* kwa Moshi. Sauti moja ikapewa alama tatu. Na kwa upande wa pili alama moja, *nj*, ikapewa sauti mbili.

Lakini si kila Mjerumani aliyeandika Kiswahili aliandika hivyo. Gazeti la Wakatoliki lililotoka Dar es Salaam tangu 1910 liliitwa *Rafiki Yangu*. Jina hilo limeandikwa kwa Y, si kwa J, ingawa lilitolewa na wamisionari wa Kijerumani katika koloni la Kijerumani. Sababu haiko mbali. Gazeti lilikusudiwa wasomaji wa Kiswahili, na wasomaji hao walikuwa wamefundishwa tahajia iliyotokana na kazi za Unguja. Ramani na majalada yalikusudiwa wasomaji wa Kijerumani, ambao wangeiona *y* kuwa irabu. Kwa hiyo ndani ya koloni moja, na pengine ndani ya ofisi moja, zilikuwapo tahajia mbili, na kilichoamua itumike ipi ni nani aliyeandikiwa. Uraia wa mwandishi peke yake hautoshi kuamua.

5. Sarufi mbili za mwaka mmoja

Tofauti hiyo inaonekana hata katika kazi za kisayansi. Mwaka 1909 zilichapishwa Berlin, katika mfululizo mmoja wa tafiti za lugha za makoloni, sarufi mbili za lugha jirani. Ya kwanza ni ya Ernst Kotz, mmisionari wa Waadventista wa Sabato aliyefanya kazi Upareni, juu ya lugha ya Wapare. Ya pili ni ya Johannes Raum wa misheni ya Leipzig, juu ya Kichaga cha Moshi. Waandishi wote wawili walikuwa Wajerumani, lugha walizozichunguza zinasemwa katika milima inayoonana siku ya anga safi, na mchapishaji alikuwa mmoja.

Hata hivyo majina ya vitabu vyao hayakufuata tahajia moja. Raum aliandika *Dschagga* na *Moschi*, kama msomaji wa kawaida wa Kijerumani alivyotarajia. Kotz aliandika *Chasu*. Katika Kijerumani *ch* haina sauti ya *ch* ya Kiswahili. Sauti hiyo huandikwa *tsch*. Msomaji wa Berlin asiyejua lugha za Kiafrika angelisoma jina hilo vibaya. Kotz alichagua kulitaja jina kama lilivyoandikwa na wale waliolisema au waliofunzwa kusoma Kiswahili, akaacha msomaji wa Ulaya ajifunze.

Mfano huu hauhusu J moja kwa moja, lakini unafundisha jambo la lazima kwa anayetafuta kuijua J ya nyaraka za Upare. Haitoshi kusema kwamba maandishi ni ya Kijerumani na kwa hiyo kila J isomwe *y*. Mwandishi aliyeandika *Chasu* badala ya *Tschasu* anaonyesha kwamba huenda hata konsonanti zake nyingine hazifuati desturi ya Kijerumani. Kila andiko lina kanuni yake, na kanuni hiyo hutafutwa ndani ya andiko lenyewe.

6. Makanya na Gonja katika mizani

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga 1893, ilifika Mombo 1905, Buiko 1909 na Moshi 1911. Makanya iko kati ya Buiko na Moshi. Hivyo ni katika miaka hiyo miwili ya mwisho ya ujenzi ambapo reli iliufikia mji huo. Reli huhitaji majina yaliyoandikwa: katika kibao cha stesheni, katika ratiba, katika tikiti na katika hati za mizigo. Jina ambalo awali liliishi vinywani mwa wenyeji na wapita njia sasa linapata umbo lililokaa mahali pamoja. Hapo uchaguzi wa herufi huwa na uzito usiokuwapo katika shajara ya msafiri.

Tuseme karani ameshika desturi ya Kijerumani kwa uaminifu. Makanya ataiandika *Makanja*. Gonja, kwa uaminifu ule ule, itambidi aiandike *Gondja* au *Gondscha*. Tofauti ya majina hayo mawili imehifadhiwa, ingawa kwa alama zisizo za leo. Sasa tuseme karani wa pili amelipokea jina la Gonja kutoka katika kitabu cha msafiri Mwingereza na kulinakili kama lilivyo, huku Makanya akiiandika kwa sikio lake la Kijerumani. Matokeo ni *Makanja* na *Gonja* katika ukurasa mmoja, na *nj* inayofanana kabisa ikiwa na sauti mbili. Hakuna kitu katika ukurasa huo kitakachomwambia msomaji wa baadaye kwamba amesimama mbele ya kanuni mbili.

Hatari ya pili ni ya mtu aliyejifunza nusu ya somo. Huyu anajua kwamba J ya Kijerumani ni Y, kwa hiyo anabadili kila J anayokutana nayo. Makanya inarudi salama, lakini Gonja inageuka *Gonya*. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu lina sura ya ujuzi. Msomaji wa kawaida akiona *Makanja* hushuku, kwa kuwa anaujua mji. Akiona jina la kitongoji kidogo au la ukoo asioujua, likiwa tayari limesahihishwa na mtaalamu, hana sababu ya kushuku.

7. Kutoka *Tanganjika* hadi Tanganyika

Mei 1916 majeshi yaliyoongozwa na Jan Smuts yalishuka kando ya Mto Pangani na reli, yakaukalia Upare. Kwa suala la herufi kuna kinyume kidogo hapa: jemadari aliyefungua njia ya tahajia ya Kiingereza alikuwa Kaburu, na jina lake mwenyewe, *Jan*, husomwa kwa J ya *y*. Lakini utawala uliomfuata ulikuwa wa Kiingereza, na mabadiliko ya tahajia yalifuata mabadiliko ya bendera. Mwaka 1920 nchi ilipewa rasmi jina la Tanganyika. Mwaka huo huo kamusi kubwa ya makoloni iliyohaririwa na Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Kijerumani, ilitoka Ujerumani katika juzuu tatu, ikiwa bado na *Tanganjika*, *Unjamwesi* na *Kilimandscharo*. Jina moja likawa na miili miwili: mmoja wa dola mpya, mwingine wa dola iliyokwisha kuondoka.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya lugha yenyewe. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa 1925 na ule wa Mombasa wa 1928 ulichukua uamuzi juu ya tahajia na lahaja ya kusanifisha, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kiunguja kikawa msingi. J na Y zikakaa mahali alipoziweka Steere. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoasisiwa 1926, nayo ilipendekeza kwa lugha zote za Afrika alfabeti ambayo ndani yake *y* ni kiyeyusho na *j* ni konsonanti. Kwa hiyo Kiswahili na mapendekezo ya bara zima vilikubaliana, na J ya Kijerumani ikabaki katika fonetiki na katika makabati ya nyaraka.

Kwa nchi za Kiswahili zilizotawaliwa na watu wa Kifaransa, historia ilikuwa nyingine. Mji wa Djugu, mashariki mwa Kongo, bado una *dj* yake, kama ilivyo nchi ambayo Kifaransa huiita *Djibouti* na Kiswahili huiita Jibuti. Sababu inafanana na ya Wajerumani: J ya Kifaransa ilikuwa na kazi nyingine, ikabidi iongezewe D.

8. J ya kalamu na J ya lahaja

Kuna jambo moja linaloweza kumpotosha hata msomaji makini. Mpishano wa *y* na *j* haukuletwa na wageni tu. Umo pia katika lahaja za Kiswahili. Kiunguja husema *jana*, *juu* na *moja*. Kiamu husema *yana*, *yuu* na *moya*. Mahali ambapo Kiunguja kina *maji*, Kiamu kina *mai*. Penye nazali, Kiunguja kina *njia* na *njaa*, ilhali Kimvita kina *ndia* na *ndaa*. Tofauti hizi ni za zamani na ni sehemu ya historia ya lugha za Kisabaki, kama ilivyoelezwa kwa kina na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha 1993.

Mtafiti anayekutana na *Makanja* katika andiko la zamani na Makanya katika matamshi ya leo anaweza basi kushawishika kudai kwamba *nj* ilidhoofika ikawa *ny* katika kipindi cha miaka mia moja. Dai hilo lina mvuto, kwa kuwa linafanana na mabadiliko halisi. Lakini J ya lahaja na J ya kalamu zina tabia tofauti, na tabia hizo zinaweza kupimwa.

Kwanza, badiliko la lahaja huenea katika msamiati. Msemaji wa *moya* husema pia *yana* na *yuu*. Badiliko la kalamu huonekana katika maandishi tu. Pili, badiliko la lahaja hufuata mazingira ya sauti. Kiamu kina *yana*, lakini *njia* haiwi *nyia*. Penye nazali badiliko huchukua sura nyingine. J ya Kijerumani haikujali mazingira: iliandika *y* yoyote kwa J, iwe na nazali au bila nazali, mwanzoni au katikati. Tatu, badiliko la kalamu lina tarehe na lina mkono. Lilianza na utawala fulani na kwisha pamoja nao, na hakuna lahaja inayobadilika kwa kuondoka kwa gavana.

9. Majina ya watu na namna ya kusoma

Majina ya mahali hulindwa na mahali penyewe. Makanya ipo, na yeyote anaweza kwenda kusikia inavyotajwa. Majina ya watu hayana ulinzi huo. Katika orodha iliyopangwa kwa herufi za Kijerumani, majina ya Yahya, Yusufu na Yakobo huangukia chini ya J. Mjukuu anayelitafuta jina la babu yake chini ya Y, katika daftari la ubatizo, la vibarua wa shamba au la askari, huondoka akiamini kwamba hakuandikwa. Nyaraka zinapopigwa picha na kuwekwa katika kompyuta tatizo huongezeka, kwa kuwa mashine hutafuta herufi ilizopewa, na haisikii sauti. Ukoo unaohitaji kuthibitisha nani aliishi wapi na tangu lini unaweza kukosa ushahidi wake kwa sababu ya herufi moja.

Kutokana na yaliyoelezwa, msomaji wa nyaraka za Upare anashauriwa kwenda kwa hatua nne. Hatua ya kwanza ni kuuliza andiko lilikusudiwa nani: msomaji wa Kijerumani au msomaji wa Kiswahili. Ya pili ni kutafuta ndani ya andiko hilo hilo jina ambalo sauti yake haina shaka, kama Unyamwezi au Nyasa, na kuona limeandikwaje. Ya tatu ni kutafuta *dj* au *dsch*; zikiwapo, ni dalili kubwa kwamba J iliyo peke yake ni kiyeyusho, lakini jina lililonakiliwa kutoka kitabu cha Kiingereza bado laweza kuvunja kanuni. Ya nne, ambayo haipaswi kurukwa hata zile tatu zikikubaliana, ni kwenda kwa wasemaji. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa 1969, aliyaweka masimulizi ya wazee katika kiini cha ushahidi wake. Kwa majina, masimulizi hayo yana faida ambayo kalamu haina: yamepita kinywa kwa kinywa bila kupitia alfabeti ya mtu yeyote.

Mhariri wa andiko la zamani naye ana wajibu. Jina liachwe kama lilivyoandikwa, kisha umbo la leo liwekwe kando yake, na sababu itajwe. Kusahihisha kimyakimya ni kuondoa ushahidi. Kuacha bila maelezo ni kumwachia msomaji mtego.

10. Hitimisho

Historia ya J Upareni ni fupi kwa miaka, lakini inagusa mambo mapana. Herufi iliyotokana na mkia wa I ilipata thamani mbalimbali katika lugha za Ulaya, na thamani mbili kati ya hizo zikakutana chini ya Milima ya Pare. Kutofautiana kwa *Makanja* na Makanya hakutokani na uzembe wa makarani wala na badiliko la matamshi ya wenyeji. Kunatokana na desturi mbili, kila moja ikiwa sahihi kwa wasomaji wake. Usanifishaji wa 1930 ulimaliza mashindano hayo kwa maandishi mapya, lakini haukuweza kuyafuta katika maandishi ya zamani, ambamo bado yamo majina ya watu na vitongoji vinavyosubiri kusomwa. Muda wote huo watu wa Makanya waliitaja Makanya, na watu wa Gonja waliitaja Gonja. Msomaji wa nyaraka anayeanza na matamshi hayo, kisha akaiendea herufi, ana nafasi nzuri zaidi ya kuyarudisha majina kwa wenyewe.